Kupimwa na Kujuliwa Hali

Mtu atokaye Ngomeni akashika Ndia Kuu kwenda Bandari ya Kale hana mwendo mrefu wa kutembea, lakini kama ni mwenyeji wa Mji wa Kale hawezi kuumaliza kwa haraka. Njiani ataulizwa hali yake na muuza kahawa, na fundi wa milango, na bibi aliyekaa dirishani, na watoto watokao chuoni. Ataulizwa yeye u hali gani, na watu wa nyumbani kwake wana hali gani, na yule mgonjwa wake aendeleaje. Naye atajibu, "Njema." Atajibu njema hata kama usiku kucha hakupata usingizi, atajibu njema hata kama kifua kinambana, na pale aliposimama amesimama ili apate kuvuta pumzi. Si mwongo. Adabu yetu imeweka kuwa shukrani itangulie malalamiko, na mwenye kuijua adabu hiyo husikiliza sauti, hutazama macho, kisha akapima mwenyewe uzito wa njema ile.

Siku hizi katika mitaa hiyo hiyo ameingia shahidi mwingine ambaye hajui adabu hata kidogo. Ni saa ya mkono. Haikuundwa kwa kutaja wakati tu, bali huhesabu mapigo ya moyo, hatua za miguu, saa za usingizi, na nyingine hudai kujua kadiri ya oksijeni iliyomo katika damu. Huvaliwa na vijana kwa fahari na wazee kwa hofu. Haiambii mtu "njema". Humwambia 68, au 112, au 94 kwa mia, ikanyamaza. Basi limezuka swali ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuliuliza: je, kumpima mtu ni kumjulia hali? Na mtu aliyekwisha kusoma hesabu ya moyo wa mwenziwe, ametimiza wajibu wake kwake?

Nililazimika kulifikiri swali hili kwa sababu ya jirani mmoja, mzee aliyefanya kazi katika bandari ya Kilindini hata akastaafu, na ambaye sasa anakaa orofa ya pili ya nyumba ya mawe huko Kibokoni. Mwanawe yuko Muscat. Kijana huyo ni mwema. Hukumbuka kodi, hukumbuka dawa, na mwaka mmoja akamletea baba yake saa ya namna hii, akaiunganisha na simu yake mwenyewe, hata ikawa kila asubuhi, kabla hajaenda kazini, hufungua simu akaona moyo wa baba yake ulivyopita usiku. Akiona 64 au 66 hufurahi, akaenda zake. Zamani alikuwa akipiga simu kila siku mbili kuuliza hali. Baada ya kuja saa, simu zikawa za kila juma. Kisha zikawa za mara chache. Hakuona kuwa amepunguza kitu. Kwa nini aulize jambo analolijua?

Kabla ya kumlaumu au kumtetea kijana, yatupasa tujue ni kitu gani hasa alichokuwa akikijua.

Chini ya saa hiyo mna taa ndogo za rangi ya kijani. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Basi moyo unapopiga na damu ikajaa katika mishipa myembamba ya ngozi, mwanga unaorudi hupungua, na pigo lilipokwisha kupita, mwanga huongezeka tena. Jicho dogo lililo kando ya taa huhesabu kupungua na kuongezeka huko. Kwa hiyo saa haigusi moyo, wala haiusikii. Huona kivuli cha damu mkononi, ikadhani pigo. Kwa mtu aliyetulia dhana hiyo aghalabu ni nzuri. Lakini mkono ukitikisika, au mkanda ukilegea, au ngozi ikiwa baridi, kivuli huchafuka na hesabu ikapotea njia. Mtu anayesaga nazi kwa mbuzi anaweza kuhesabiwa mwendo wa mkono wake badala ya moyo wake.

Tuseme hesabu ni sahihi. Bado haijawa habari. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga baina ya mara 60 na 100 kwa dakika. Ukipiga 70 basi kwa siku nzima umepiga zaidi ya mara 100,000. Hata hivyo mkimbiaji aliyezoea vilima vya Bonde la Ufa huweza kupumzika kwa mapigo 40 na kitu, akawa mzima kuliko sisi sote. Na mtu mwingine mwenye 40 hizo hizo akawa anazimia ngazini. Homa huongeza mapigo kumi hivi kwa kila nyuzi moja ya joto la mwili. Jua la Kaskazi huongeza, kiu huongeza, kahawa huongeza, hasira huongeza, na habari njema pia huongeza. Mvuvi wa kisiwa hiki hasemi maji ni mengi au ni machache kabla hajajua mwezi una siku ngapi. Maji yakifika jiwe fulani siku ya bamvua si ajabu. Yakifika jiwe lile lile siku ya maji mafu, yuna haki ya kushtuka. Ndivyo ulivyo moyo. Hesabu moja peke yake haina maana kubwa. Ajuaye desturi ya moyo wake mwenyewe kwa miezi, akauona unapanda kidogo kidogo siku tano mfululizo bila ya sababu aijuayo, huyo ana jambo la kumwambia daktari.

Tena liko jambo ambalo kwangu ni la kustaajabisha. Sisi hudhani moyo mzuri ni ule upigao sawasawa kama saa ya ukutani. Sivyo. Mtu akivuta pumzi moyo huongeza mwendo, akiitoa hupunguza, na nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani. Kutolingana huko kwa kiasi ni dalili ya uzima. Mara nyingi moyo uliochoka ndio unaopiga sawasawa mno.

Nimekuja sasa kwenye oksijeni, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa hapa kipimo kinagusa haki. Mwaka 1974 mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, alieleza njia ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga bila ya kumchoma mtu sindano. Damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa hainyonyi mwanga mwekundu kwa kadiri moja. Tofauti hiyo ndiyo inayopimwa. Chombo kilichotoka katika fikira hiyo, kile kinachobana ncha ya kidole, kimeokoa watu wasiohesabika, na wakati wa maradhi ya korona, kuanzia mwaka 2020, hata nyumba za kawaida zilikitafuta. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 hadi 100 kwa mia. Lakini mwanga lazima upite katika ngozi, na ngozi za watu si rangi moja. Mnamo Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza walichokikuta. Walichukua wagonjwa ambao chombo kiliwasoma 92 hadi 96, kisha wakatazama damu iliyochotwa katika ateri zao. Miongoni mwa wagonjwa weupe, 3.6 kwa mia walikuwa kwa kweli chini ya 88; miongoni mwa weusi, 11.7 kwa mia. Yaani chombo kiliwaambia "njema" watu waliokuwa wakizama, na waliodanganywa zaidi ni wale wenye rangi yetu.

Katika mji wetu liongeze na jambo la piko. Bibi harusi aliyechorwa piko nyeusi hata katika ncha za vidole akipatwa na ugonjwa, kile chombo huenda kisisome kitu, au kikasoma kisicho kweli, kwa maana rangi nyeusi huuzuia mwanga. Muuguzi mwenyeji hujua, akatafuta kidole kisichopakwa au ndewe ya sikio. Mgeni asiyejua huweza kuamini tarakimu akaacha kumtazama bibi harusi. Haifai kusema kuwa chombo kina chuki. Chombo hakina moyo wa kuchukia. Lakini kila kipimo kilijaribiwa kwanza juu ya miili ya watu fulani, na asiyekuwa miongoni mwa watu hao ana haki ya kuuliza.

Katika habari ya hatua sitasema mengi. Wengi hujilaumu wakikosa kutimiza hatua 10,000 kwa siku, kana kwamba idadi hiyo ilishuka kutoka juu. Ilitoka kwa wafanya biashara: mwaka 1965 huko Japani kiliuzwa kipimo cha hatua ambacho jina lake lilikuwa na maana ya hatua elfu kumi, na jina likageuka sheria. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 juu ya wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kuwa faida ilionekana tangu hatua 4,400 hivi, ikasimama karibu na 7,500. Bibi aendaye Marikiti kila siku na kurudi na kikapu chake hana deni kwa mtu.

Zaidi ya yote ni kile ambacho saa nyingi hazikipimi vizuri, nacho ndicho kinachotuua kimya kimya: presha. Presha ya kuaminika bado yataka kile kitambaa kinachobana mkono juu ya kiwiko, mtu akiwa amekaa na kutulia dakika tano. Uchunguzi wa taifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu, na kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa presha maishani mwao. Nimeona nyumba yenye saa tatu za kuhesabu mapigo na isiyo na mtu hata mmoja aliyekwenda kubanwa mkono, ingawa kituo cha afya ki mwendo wa dakika kumi. Tunakipima kile ambacho ni rahisi kupimwa, kisha tukakiita afya.

Haya basi, kijana wa Muscat alijua nini alipoiona ile 66? Alijua kuwa usiku uliopita, kama mkanda haukulegea, moyo wa baba yake ulipiga mara 66 kwa dakika. Hakujua kuwa baba yake amepoteza rafiki yake wa barazani, mtu waliyecheza naye bao miaka thelathini. Hakujua kuwa hali chakula cha jioni, kwa sababu kula peke yake kumemchosha.

Iko hadithi ya kale juu ya tabibu Ibn Sina, aliyeishi mwaka 980 hadi 1037, ambayo Nizami Aruzi aliisimulia katika karne ya 12. Kijana mmoja huko Gurgan aliugua na matabibu wote wakashindwa. Ibn Sina akamshika mshipa wa mkono, akaagiza aletwe mtu aijuaye miji na mitaa ya nchi hiyo, amtajie mgonjwa mitaa yote mmoja mmoja. Ulipotajwa mtaa fulani, mshipa ukaruka. Zikatajwa njia za mtaa ule, kisha nyumba za njia ile, kisha watu wa nyumba ile, na kila mara tabibu akifuata ruko la mshipa, hata akalifikia jina la binti ambaye kijana alimpenda na hakuthubutu kumtaja. Sidai kuwa hadithi hii ni kweli tupu. Nataka tuone tu kuwa mshipa peke yake haukusema neno. Ulisema kwa sababu palikuwa na mtu ajuaye mitaa, na mwingine mwenye subira ya kuuliza mtaa baada ya mtaa. Lau Ibn Sina angalipewa tarakimu zote za moyo wa kijana yule, bila ya mji wake, asingalijua kitu.

Narudi kwa mzee wetu. Alasiri moja mjukuu wake aliiazima ile saa, akaenda kuchezea mpira nayo katika uwanja wa Makadara. Huko Muscat mwana akafungua simu akaona moyo wa baba yake unapiga 165. Alipiga simu saa ile ile, sauti ikimtetemeka, naye hakuwa amepiga kwa majuma matatu. Mzee alicheka, akaeleza habari ya mpira, wakazungumza karibu saa nzima. Walizungumza habari za marehemu mama, na za jahazi walilolipanda kwenda Lamu mtoto akiwa na miaka saba. Usiku huo mzee alilala vizuri.

Na tangu siku ile, anaponiambia mwenyewe bila ya haya, alipata elimu mpya. Akitaka kusikia sauti ya mwanawe, huvaa saa, hushuka ngazi mpaka chini, na ngazi za nyumba za mawe ni kali, kisha hupanda mbio kadiri ya nguvu zake. Moyo hufika 130. Haupiti muda mrefu ila simu italia.

Je, alidanganya? Nimelipeleka swali hili kwa watu kadha, na majibu yao hayakupatana. Mmoja alisema hapana uwongo, maana moyo ulipiga 130 kweli na saa ilisema kweli. Mimi siridhiki na jibu hilo. Mtu huweza kudanganya kwa kusema kweli tupu, na mzee alijua mwanawe ataielewa 130 kwa maana isiyo yake. Zaidi ya hayo, alikuwa akiichezea afya yake mwenyewe. Mtu wa miaka sabini na kitu hapandi ngazi mbio kwa ajili ya kuitwa. Lakini siwezi kumhukumu peke yake. Alinyimwa swali, akatafuta njia ya kulinunua. Aliyeondoa "u hali gani" akaweka tarakimu mahali pake ndiye aliyemfundisha kusema kwa tarakimu.

Wala si haki kumgeuza mwana kuwa mtu mbaya. Nilipomweleza haya kwa simu, kwa idhini ya baba yake, alijibu jibu ambalo lilinishinda kwa muda. Alisema: "Mjomba, baba akiulizwa hujibu njema siku zote. Mama alijibu njema mpaka siku ya mwisho. Mimi niko ng'ambo ya bahari, sioni macho yake wala sisikii akihema ngazini. Saa hainifichi." Nani atamlaumu? Alikwisha kupoteza mzazi mmoja katika adabu ya njema. Kama salamu yetu yaweza kuficha maradhi, basi si takatifu kiasi cha kukataa kusaidiwa na chombo.

Hata hivyo nilimwuliza swali moja: baba yako alikubali lini kuwa usingizi wake na moyo wake viwe mbele ya macho yako kila alfajiri? Akanyamaza. Mzee alivishwa saa kama mtoto avishwavyo kofia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data imezihesabu habari za afya ya mtu katika zile zilizo nyeti, zitakazo ulinzi zaidi, na mapenzi ya mtoto kwa mzazi hayafuti heshima hiyo. Moyo wa mtu ni nyumba yake ya ndani. Hata mwana hubisha hodi.

Wakakubaliana mambo wao wenyewe. Mzee ataivaa saa akipenda na kuivua akipenda. Mwana atapiga simu kila siku mbili, kama zamani, na hataifungua hesabu kabla ya kuuliza.

Miezi ikapita. Alfajiri moja, mzee amekwisha kuswali, saa ikamwonya kuwa mapigo yake hayana mpango. Onyo la namna hii si hukumu. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2019, watu zaidi ya 419,000 walivaa saa za namna hiyo, na walioonywa walikuwa 2,161 tu. Katika wale 450 waliovaa baadaye kibandiko cha kupimia moyo siku nyingi na kukirudisha, ugonjwa ulionekana kwa 34 kwa mia. Wengine huenda walikuwa wazima, au ugonjwa ulikuwa umekuja ukaenda zake, kama ilivyo desturi yake. Ugonjwa wenyewe ni vyumba vya juu vya moyo kutetema badala ya kupiga. Damu hukawia humo, huweza kuganda, na pande lililoganda likisafiri hadi ubongoni huleta kiharusi. Kwa hiyo onyo haliogopwi wala halipuuzwi. Hupelekwa hospitali.

Mzee hakutaka kulipeleka popote. Huko Muscat, ambako saa iko mbele yetu kwa saa moja, mwana alipiga simu kwa zamu yake ya kawaida.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"U hali gani?"

"Njema, alhamdulillahi."

Mwana hakujua bado habari ya lile onyo. Alikuwa ametimiza ahadi, hakutazama. Lakini alikuwa amekwisha kuzisikia njema nyingi za baba yake katika miezi ile, na hii aliiona ina pumzi fupi. Akasema, "Baba, hii si njema ya juzi." Mzee akakaa kimya. Kisha akasimulia habari ya saa, na habari ya ngazi, kwamba siku hizi hupumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni, na kwamba hakumwambia mtu.

Nilimsindikiza mimi hospitali asubuhi ile. Walimbandika nyaya kumi, kifuani na mikononi na miguuni, kwa kazi ile ile ambayo Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1924, aliianza kwa mtambo mkubwa uliojaza chumba, mgonjwa akitia mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Saa ilikuwa imesema kweli. Lakini kabla ya nyaya, daktari, binti wa makamo ya mjukuu wake, aliweka vidole vitatu juu ya mkono wa mzee, akatazama ukutani dakika nzima bila ya kusema, kisha akamgeukia.

"Mzee wangu, u hali gani?"

Mzee alinitazama mimi, akatazama saa yake, akaivua akaiweka juu ya kitanda.

"Kwa kweli, mwanangu," akasema, "si njema sana."